Mali Bila Daftari: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Wenye Treni Ndogo za Mvuke

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, lakini mimi naelekeza onyo hilo kwa watu wasiouza chochote: waundaji wa treni ndogo za mvuke wa Uingereza, na yeyote kwingineko anayetaka kufuata nyayo zao. Burudani yao ni kongwe. Jarida lao, Model Engineer, lilianza kuchapishwa mwaka 1898, na mwaka huohuo chama chao cha London kikaundwa. Mtu hukereza silinda mwenyewe, hulehemu boila ya shaba nyekundu, hupiga ribiti moja moja, na baada ya miaka ya jioni na wikendi hupata kichwa cha treni kinachoenea juu ya meza lakini kinachemsha maji kweli. Kikiwekwa kwenye reli zenye upana wa inchi 5 kinavuta watu wazima waliokaa nyuma yake. Kisha kazi yote hiyo hulazwa gereji, nyuma ya kufuli moja. Watu wawili wenye gari dogo la mizigo wanaweza kuibeba kabla jirani hajafungua pazia.

Kelele hazirudishi modeli iliyoibwa, wala huruma. Kinachoirudisha ni utambulisho ulioandaliwa kabla ya wizi, ukawekwa mahali ambapo mnunuzi, dalali wa mnada na askari wanaweza kuufikia bila kuhangaika. Ndiyo kazi ya daftari la mtandaoni la jamii ya burudani kama hii, na daftari likijengwa vibaya ni bora lisingekuwepo. Maagizo yafuatayo ni makali kwa sababu hiyo.

Kabla mwizi hajaja

Piga picha leo. Usingoje modeli ikamilike, usingoje rangi ikauke, usingoje maonyesho ya kiangazi. Na usiridhike na ile picha nzuri ya ubavuni yenye majani mabichi nyuma yake. Picha hiyo inafanana na ya mtu mwingine aliyeunda injini kwa michoro ileile. Igeuze modeli. Piga picha ya chini ya fremu, ya ndani ya chumba cha dereva, ya mpangilio wa mabomba, ya nyuma ya magurudumu. Huko ndiko mkono wa muundaji unakoonekana: ribiti moja iliyokaa pembeni kidogo ya mstari wa wenzake, mikwaruzo ya tupa kwenye ukingo ambao hakuna aliyetarajiwa kuuona, tundu lililotobolewa mahali pasipo pake likazibwa kwa skrubu ya shaba na kusawazishwa. Mwizi anaweza kupaka rangi upya na kung'oa vibao vya namba. Mstari mzima wa ribiti hataurudia.

Usitegemee jina wala rangi. Chukua mfano unaotuhusu. Injini za mvuke za aina ya Garratt za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki ziliundwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, zikapakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima ya kwetu. Mbili kati ya hizo, Mount Gelai na Mount Shengena, bado zinaonekana Nairobi kwenye makumbusho ya reli. Wapo waundaji wa Uingereza wanaozipenda na kuziunda kwa udogo. Sasa mmoja akiibiwa na kutangaza kwamba amepoteza "Garratt nyekundu yenye jina la mlima", amesema nini? Kibao cha jina hufungwa kwa skrubu mbili na hufunguliwa kwa dakika mbili. Jina ni pambo. Ushahidi ni kile kisichofunguka.

Andika maelezo kwa mpangilio unaokubalika. Tangu mwaka 1997 upo mpangilio wa kimataifa uitwao Object ID, ambao sasa uko chini ya ICOM, baraza la makumbusho la dunia. Unauliza mambo machache: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, vipimo vyake, maandishi na alama zilizomo, kinatofautianaje na vya aina yake, nani alikiunda na lini. Pamoja na picha. Ulitungwa kwa ajili ya sanaa na mambo ya kale, lakini unaifaa modeli ya mvuke bila kubadilishwa neno. Usibuni fomu yako yenye maswali arobaini. Watu hawataijaza, na wakiijaza polisi hawataisoma.

Nakili namba ya boila. Nasema hili kwa msisitizo kuliko mengine yote katika sehemu hii. Boila inayotumika kwenye vilabu vya Uingereza hugongwa namba yake kwenye chuma au shaba yenyewe, na hupimwa kabla ya kuruhusiwa kutoa mvuke mbele ya watu. Kipimo cha kwanza hufanywa kwa maji, kwa shinikizo mara mbili ya lile la kazi. Vinavyofuata hufanywa kwa mara moja na nusu. Kila kipimo kina cheti, na kila cheti kina namba ile. Maana yake ni kwamba mnunuzi yeyote anayetaka kuiendesha modeli klabuni, hata baada ya miaka kumi, atalazimika siku moja kuipeleka mbele ya mpimaji mwenye tochi na miwani. Hapo ndipo mali ya wizi hunaswa, ikiwa tu mpimaji ana mahali pa kuitafuta namba hiyo. Cheti chako kikikaa ndani ya droo ileile ya gereji iliyovunjwa, umempa mwizi modeli pamoja na hati yake.

Gonga alama yako ya siri mahali pawili: pa kwanza panapoonekana baada ya kufungua kifuniko kimoja, na pa pili pasipofikika bila kuifungua injini yote. Mwizi akiipata ya kwanza na kuisaga, ataridhika na kuacha kutafuta.

Usiweke mtandaoni picha iliyobeba mahali pako. Simu nyingi huandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache. Futa taarifa hizo kabla ya kuiweka popote. Usionyeshe mlango wa karakana, namba ya nyumba, wala namba ya gari. Na usitangaze kwamba wikendi nzima utakuwa kwenye maonyesho umbali wa saa nne kutoka kwako. Rudi kwanza, kisha simulia.

Mnapojenga daftari

Amueni kwanza daftari ni la nani. Jina la tovuti lisajiliwe kwa chama, na funguo zake ziwe mikononi mwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Burudani hii ina wazee wengi. Msimamizi mmoja akifariki na nywila zake, jamii nzima hupoteza kumbukumbu zake siku ile ile inapompoteza yeye, na familia yenye msiba haistahili kusumbuliwa kwa maswali ya seva.

Msijenge kwenye kiwanja cha mtu. Kurasa za bure za GeoCities zilifungwa mwaka 2009, na kazi za wapenda burudani wa kila aina zikaenda nazo, isipokuwa zile zilizookolewa na watu wa kujitolea. Mwaka 2017 Photobucket, iliyokuwa ikihifadhi picha za watu bila malipo, ilidai karibu dola 400 kwa mwaka kwa yeyote anayetaka picha zake ziendelee kuonekana kwenye tovuti nyingine; maelezo ya miaka mingi ya namna ya kuunda injini yakabaki maandishi matupu yenye visanduku vya kijivu mahali pa picha. Yahoo Groups ikafuta hifadhi zake mwishoni mwa mwaka 2019 na kufungwa kabisa Desemba 2020. Katika kila tukio, waliobaki na kitu ni wale waliokuwa na nakala zao. Basi wekeni nakala tatu: moja inayotumika, moja kwenye diski ndani ya chumba cha chama, moja kwa mwanachama wa mji mwingine. Kila baada ya miezi sita ifungueni ile ya diski mhakikishe inasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa si nakala.

Msikusanye anwani. Msikusanye thamani ya bei, namba ya nyumba, aina ya kufuli, wala ratiba ya mwenye mali. Orodha ya modeli ghali yenye anwani za wenyewe ni orodha ya manunuzi ya mwizi, na siku itakapovuja mtakuwa mmeshiriki. Katika daftari andikeni modeli. Mwenyewe mpeni namba. Uhusiano wa namba na jina uwekwe kando, nje ya mtandao, kwa mtu anayeaminika. Sheria iko upande huu pia: Uingereza ina sheria yake ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2018, Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022. Anayesimamia daftari kwa kujitolea hasamehewi kwa kuwa halipwi.

Msipokee tangazo la wizi lisilo na namba ya polisi. Tanzania tungeiita RB, Kenya OB. Uingereza ni namba ya kumbukumbu ya uhalifu. Hakuna namba, hakuna tangazo. Najua ni vigumu kumwambia hivyo mtu aliyeamka asubuhi na kukuta gereji tupu. Mwambieni hata hivyo, kwa upole, na mmwelekeze namna ya kuipata. Bila sharti hilo, daftari hugeuzwa silaha: ndugu waliogombana juu ya urithi, wauzaji wawili walionyimana malipo, mume na mke walioachana, kila mmoja ataandika kwamba mwenzake ni mwizi. Tangazo moja la uongo likigundulika, dalali wa mnada hatayaamini tena hata yale ya kweli, na walioibiwa kweli ndio watakaoumia.

Kila tangazo liwe na tarehe ya wizi, tarehe ya kuandikwa, na hali yake ya sasa.

Zuieni alama moja. Chapisheni picha, vipimo, na sifa nyingi za kumwezesha mtu wa kawaida kuitambua modeli; kisha bakizeni sifa moja isiyochapishwa popote, iliyoandikwa kwenye taarifa ya polisi. Siku mtu atakapopiga simu akidai ameiona, au watu wawili watakapoidai modeli moja, ile alama iliyobaki ndiyo itakayoamua.

Msimtaje mshukiwa. Si kwa jina, si kwa herufi za mwanzo, si kwa picha ya nyumba yake. Kama mna hakika, polisi wapo. Kama hamna hakika, mnaweza kuharibu maisha ya mtu asiye na hatia na kulifikisha daftari mahakamani kwa kashfa, na mwizi halisi akapata muda wa kuihamisha mali.

Saa za mwanzo baada ya wizi

Usiguse kitu. Mlango uliovunjwa, kufuli lililokatwa, alama za matairi kwenye udongo: acha vilivyo. Uingereza unapiga 999 kama wezi bado wapo, na 101 kama wameshaondoka. Omba namba ya kumbukumbu na uiandike mara mbili. Kisha bima, siku hiyohiyo, kwa sababu mikataba mingi ina muda wa mwisho wa kutoa taarifa.

Peleka maelezo kwa wanaoweza kuiona, nao si umma wote. Ni wapimaji wa boila wa vilabu vya karibu na vya mbali, madalali wa minada inayouza modeli, wafanyabiashara wa injini zilizotumika, na mafundi wanaokarabati. Kisha iandikishe kwenye Immobilise, daftari la mali la Uingereza ambalo polisi hulitazama wanapokamata vitu vinavyotiliwa shaka. Na kama uliiandikisha tangu zamani, ibadilishe hali yake. Baada ya hapo ndipo utangaze kwa wengine. Kujulikana kwa kitu kuna nguvu: Januari 2005 wezi walivunja makumbusho ya Märklin, kampuni ya treni za kuchezea, mjini Göppingen, Ujerumani, wakachukua modeli za kale zenye thamani ya zaidi ya euro milioni 1, na mwaka huohuo mzigo ukapatikana. Vitu ambavyo kila mkusanyaji makini anavijua kwa sura ni vigumu mno kuviuza. Injini yako haina umaarufu huo. Ni wajibu wa daftari kuipa sehemu ya umaarufu huo, mbele ya macho machache yanayohusika.

Usitangaze zawadi kwa maneno "hatutauliza maswali". Hili watu wengi hawalijui, na hata wakiambiwa hulipuuza. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 kinafanya kuwa kosa kutangaza hadharani zawadi kwa ajili ya mali iliyoibwa huku ukiahidi kwamba anayeileta hataulizwa, au kwamba atakuwa salama asikamatwe, au kwamba pesa aliyoinunulia itarudishwa. Kosa ni la mwenye kutangaza, na pia la anayechapisha. Yaani mwenye modeli aliyeumia na msimamizi wa daftari aliyemhurumia wote wawili wanaweza kutozwa faini. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania, zilizotoka kwenye mizizi ya sheria ileile, zina katazo la namna hiyo. Zawadi yenyewe si haramu. Sema: zawadi itatolewa kwa taarifa itakayowezesha modeli kupatikana, taarifa ipelekwe polisi. Ishie hapo.

Usiende mwenyewe kumwona "muuzaji". Usijifanye mnunuzi. Usichukue vijana wawili wa klabu mwende kwa gari mkaongee naye. Ukiiona modeli yako ikiuzwa mtandaoni, piga picha ya tangazo lote pamoja na tarehe, bei na jina analotumia muuzaji, peleka polisi ukitaja namba yako ya kumbukumbu, kisha nyamaza. Ukimwandikia muuzaji neno moja la hasira, tangazo litafutwa ndani ya saa moja na modeli itaondoka mkoa ule.

Wewe unayenunua

Uliza cheti cha boila, kisha piga magoti ulinganishe namba ya karatasi na ile iliyogongwa. Usikubali kuonyeshwa karatasi peke yake. Uliza nani aliiunda, michoro ilikuwa ya nani, ilipimwa klabu gani. Mwenye mali halali ataongea hadi umchoke; muundaji hakosi la kusema juu ya injini yake. Mwizi hubadilisha mazungumzo kuwa ya bei.

Usijifariji kwamba umenunua sokoni mchana mbele ya watu. Zamani, England ilikuwa na kanuni iliyomlinda aliyenunua kwa nia njema kwenye soko la wazi, kati ya mawio na machweo. Ilifutwa Januari 1995. Leo aliyenunua kwa mwizi hapati haki ya mwizi, kwa kuwa mwizi hana haki ya kutoa. Lipo jambo moja ambalo mwenye mali anapaswa kuliogopa: chini ya Sheria ya Ukomo ya mwaka 1980, England na Wales, miaka 6 ikipita tangu mtu wa kwanza ainunue kwa nia njema, haki ya mwenyewe inaweza kuzimika. Kwa mwizi mwenyewe saa hiyo haianzi kamwe kuhesabu. Ndiyo maana tarehe katika daftari si urembo, na ndiyo maana anayelitazama daftari, akaona modeli imetangazwa kuibwa, kisha akainunua, hawezi tena kusema nia yake ilikuwa njema. Adhabu ya juu ya wizi wa kawaida huko ni kifungo cha miaka 7. Ya kupokea mali ya wizi ni miaka 14. Waliotunga sheria walijua kwamba bila mnunuzi hakuna mwizi wa kudumu.

Ikipatikana

Usiisafishe kabla polisi hawajasema wamemaliza nayo.

Usiseme ni yako kabla ya kuzungumza na bima. Kama walishakulipa, kwa kawaida haki ya mali imehamia kwao, nawe itakubidi urudishe fedha ili uipate. Kampuni nyingi za bima huridhia, kwa sababu hazina haja na injini ya mvuke. Lakini uliza kwa maandishi, na upate jibu kwa maandishi.

Usiwashe moto, hata kama familia nzima imekusanyika na watoto wanataka kuona moshi. Hujui ilibebwaje wala ilidondoshwa mara ngapi. Hujui kama kuna aliyejaribu kuiendesha pasipo maji ya kutosha, jambo linalolainisha shaba juu ya tanuri na kuacha udhaifu usioonekana kwa macho. Cheti cha zamani hakihusiki tena. Fungua, kagua, badilisha geji ya mvuke na vali ya usalama au zipimwe upya, kisha rudi kwa mpimaji kwa kipimo cha maji, kama boila mpya.

Na siku hiyohiyo liarifu daftari. Msimamizi asiifute rekodi; abadilishe hali yake iandikwe "imepatikana", na tarehe. Awaandikie pia madalali na wapimaji wote waliopelekewa taarifa ya kwanza, mmoja baada ya mwingine, kwa orodha ileile. Asipofanya hivyo, mwenye mali ndiye atakayezuiwa mlangoni mwa klabu nyingine mwaka ujao, akiulizwa ameipata wapi injini aliyoiunda kwa mikono yake.